Filamu za taharuki za Waingereza: zitazameni upya kabla ya kuzihakiki

Bwana Mhariri,

Safu yenu ya filamu za zamani ilikuwa inahitajika. Filamu za taharuki ambazo Alfred Hitchcock alizitengeneza Uingereza, kabla hajahamia Marekani mwaka 1939, zinazunguka hapa Bukavu kwenye flashi, mkono kwa mkono, na vijana wanaozitazama hawana mahali pa kusoma uhakiki wake kwa Kiswahili. Ndiyo maana makala yenu juu ya Agent secret inauma. Ilichanganya filamu mbili, ikamwaga kisa chote hadi mwisho, tena ikamlaumu mpiga picha kwa ubovu ambao ni wa kopi. Makosa hayo yana chanzo na yanarekebishika, kwa hiyo naomba nafasi niyaeleze.

Nianze na majina, kwa kuwa sisi wa Kongo tunapata kopi zenye majina ya Kifaransa na mtego uko hapo. Mwaka 1936 Hitchcock alitoa filamu mbili. Secret Agent imetoka katika hadithi za Ashenden za W. Somerset Maugham; inatupeleka Uswisi, na wamo John Gielgud, Madeleine Carroll na Peter Lorre. Sabotage imetoka katika riwaya ya Joseph Conrad ya mwaka 1907 ambayo jina lake, kwa bahati mbaya, ni The Secret Agent. Wafaransa nao wakazidi kulikoroga: Secret Agent wakaiita Quatre de l'espionnage, na Sabotage wakaiita Agent secret. Mwaka 1942, akiwa Marekani, Hitchcock akatoa Saboteur, ambayo kwa Kifaransa ni Cinquième Colonne na haihusiani na yoyote kati ya hizo mbili. Mtu akiandika “Agent secret ya Hitchcock” bila mwaka na bila jina la mwigizaji, msomaji hajui ni ipi. Makala yenu ilimweka Gielgud London, ndani ya kisa cha bomu na basi. Gielgud hayumo kabisa katika filamu hiyo. Ya basi ni ya Sylvia Sidney na Oskar Homolka.

Na huyo Conrad ndiye aliyepanda Mto Kongo kwa meli ya mvuke mwaka 1890 hadi Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Mistari miwili juu ya hilo ingemfaa msomaji wa hapa kuliko zile nyota mnazopanga chini ya makala.

Kuna majina mengine ya kuangaliwa. The Man Who Knew Too Much zipo mbili na zote ni za Hitchcock: ya 1934 ni nyeusi na nyeupe, inachukua dakika 75, inaanzia kwenye theluji ya Uswisi, na mtoto anayetekwa ni binti, ya 1956 ni ya rangi, inachukua saa mbili, inaanzia Moroko, na mtoto ni wa kiume. The 39 Steps zipo zaidi ya mbili. Ya Hitchcock ni ya 1935, yenye Robert Donat. Ukiona rangi na Kenneth More, hiyo ni ya 1959. Ukiona mtu ananing'inia kwenye mshale wa saa ya Big Ben, hiyo ni ya 1978. Anayehakiki kwa kusoma riwaya ya John Buchan badala ya kutazama filamu naye hujifichua mara moja, kwa sababu atasema zile hatua 39 ni ngazi za kushukia baharini. Katika riwaya ndivyo ilivyo. Katika filamu ya 1935 ni jina la kundi la wapelelezi. Na yule mwanamke aliyefungwa pingu pamoja na Donat, ambaye watu humkumbuka kuliko yote, Buchan hakumwandika kabisa.

Sasa kopi. Kwa miaka mingi filamu hizi hazikulindwa na hakimiliki huko Marekani, kwa hiyo kila mwenye mashine alitoa kopi ya kopi, mara nyingi kutoka kwenye mikanda midogo ya milimita 16 iliyokwisha kuchakaa. Kila kopi inayotolewa juu ya nyingine inaongeza ukali kati ya nuru na giza: nyeupe inaungua, vivuli vinameza nyuso, na sauti inakuwa kama maji yanayochemka. Hizo ndizo zinazotufikia kwenye flashi. Mwandishi wenu alisema picha za Sabotage “zimefifia kwa makusudi ili kuonyesha huzuni ya London”. Hapana. Mpiga picha wake, Bernard Knowles, alipanga nuru kwa uangalifu mkubwa, na ukipata kopi iliyosafishwa unaona hata punje za vumbi kwenye dirisha la tiketi.

Kopi nzuri nayo inaharibiwa na runinga. Filamu hizi zina umbo linalokaribia mraba: kimo kikiwa 1, upana ni 1.37. Runinga za leo zina upana wa 1.78. Ukiiacha runinga ijaze kioo chote, picha inavutwa kwa upana karibu theluthi moja. Uso wa Madeleine Carroll unakuwa bapa na magurudumu ya treni yanakuwa na umbo la yai. Ukibonyeza ile ya kukuza, picha haivutwi, lakini karibu robo yake inakatwa juu na chini. Dawa ni kuchukua telekomande, kuingia kwenye sehemu ya umbo la picha na kuchagua 4:3. Pembeni kutabaki mistari miwili myeusi, na iachwe hapo. Wenye kumbi za video hupenda kuiondoa kwa kuwa wateja wanadhani kioo kimeharibika. Ni afadhali kuwaeleza wateja.

Jambo lingine ni mwendo. Filamu yenye sauti hupita picha 24 kwa sekunde, lakini diski nyingi za Ulaya ziliipitisha kwa 25. The Lady Vanishes, ambayo ni ya dakika 96, inamalizika kwa dakika 92; The 39 Steps ya dakika 86 inamalizika kabla ya dakika ya 83. Hakuna kilichokatwa. Filamu imekimbizwa, na sauti za watu zimepanda kidogo. Kabla ya kuandika kwamba kopi imekatwa, zidisha urefu kwa 24, gawanya kwa 25, ulinganishe. Kwenye kompyuta, programu kama VLC inaruhusu kurudisha mwendo hadi 0.96 na filamu inakaa sawa.

Filamu bubu zina tatizo kubwa zaidi, kwa kuwa nyingi zilikwenda taratibu kuliko 24. The Lodger ya 1927 ikikimbizwa, Ivor Novello anatembea kama kuku aliyeshtuka, watu ukumbini wanacheka, na taharuki yote imekwisha. Tena muziki mnaousikia kwenye The Lodger si wa Hitchcock. Kila aliyetoa kopi ameweka wake. Ule wa kopi iliyosafishwa mwaka 2012 ni wa Nitin Sawhney. Msimsifu wala kumlaumu Hitchcock kwa muziki huo. Msifuni kwa sakafu ya kioo: mpangaji anatembea huku na huko chumbani kwake, watu wa chini wanaitazama taa ya darini inavyotikisika, kisha dari linakuwa kama maji na tunaziona nyayo zake kwa chini. Kioo kinene kiliwekwa, mwigizaji akatembea juu yake, kamera ikapiga kutoka chini. Sauti haikuwapo bado, kwa hiyo hatua zenyewe ilibidi zionekane.

Nafika kwenye taharuki yenyewe, ambayo makala yenu iliitaja mara nyingi bila kuionyesha hata mara moja. Hitchcock alipozungumza na François Truffaut, mwongozaji wa filamu wa Kifaransa, mwaka 1962 aliifafanua kwa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wanaongea mambo ya kawaida, bomu linalipuka ghafla: mtazamaji amepata mshtuko wa sekunde 15. Lakini mtazamaji akionyeshwa bomu kwanza, akaambiwa litalipuka saa ngapi, na saa ya ukutani akaiona, maneno yaleyale ya kawaida yanamfanya atamani kuwapigia kelele walioko mezani. Hiyo ni taharuki ya dakika 15. Tofauti iko katika nani anajua nini na kwa wakati gani. Mhakiki asiyefuatilia elimu hiyo, nani anayo na nani hana, hajaihakiki filamu ya aina hii; ameisimulia tu.

Chukueni Sabotage. Mvulana anapewa kifurushi chenye bomu akiache Piccadilly Circus kabla ya saa saba na nusu mchana. Sisi tunajua litalipuka saa nane kasorobo (maandishi ya Kifaransa yatasema 13h45). Yeye hajui. Mkono mwingine amebeba makopo ya filamu. Njiani mchuuzi wa dawa ya meno anamshika na kumfanya mfano mbele ya watu. Maandamano ya Meya wa London yanaifunga barabara. Anapanda basi, na kondakta anasita, maana filamu zilikuwa zimekatazwa ndani ya basi. Hapa mhakiki anapaswa kueleza sababu, kwa sababu kijana wa leo haijui: mikanda ya wakati ule ilikuwa ya nitrati ya selulosi, inayowaka kwa kasi, na moto wake hauzimwi kwa maji kwa kuwa kemikali yenyewe inatoa oksijeni inapoungua. Kwa hiyo kondakta anaogopa yale makopo, ambayo siku hiyo si hatari, na kifurushi chenye hatari hakitazami. Utani wa kondakta, mbwa mdogo wa abiria jirani ambaye mvulana anamchezea, foleni ya magari, picha za saa zinazorudi na kurudi: vyote hivyo ni vitu vyepesi, na kila kimoja kinakaza kamba kwa sababu ya jambo moja tunalolijua sisi na yeye halijui.

Basi linafika wapi, sisemi, na ninyi msingesema. Inatosha kuandika kwamba Hitchcock mwenyewe alikuja kumwambia Truffaut kwamba alikosea kulimaliza tukio lile jinsi alivyolimaliza. Naona alijihukumu vikali mno. Bila mwisho ule, chakula cha jioni kinachofuata kisingekuwa na uzito wake: Sylvia Sidney anakata nyama, karibu hasemi neno, na kamera inakwenda kwenye mkono, kwenye kisu, kwenye macho ya mumewe, na kurudi kwenye mkono. Tazameni dakika hizo mkiwa mmezima sauti. Hakuna kinachopotea.

Makala yenu ilipita pia juu ya mwanzo wa filamu, nao ni mwanzo uliotengenezwa kama kwamba ni wa Bukavu. Umeme wa London unakatika. Mafundi wanakuta mchanga ndani ya mashine. Na kwenye sinema ya Bwana Verloc (ndiye Homolka, yule mume wa mezani), iitwayo Bijou, watazamaji wamejaa dirishani wanadai warudishiwe pesa zao. Mkazi gani wa mji huu anahitaji kufafanuliwa tukio hilo?

Blackmail ya 1929 ina somo jingine, na hapa maandishi ya chini ndiyo adui. Ilianzwa kama filamu bubu, kisha sehemu zikapigwa upya kwa sauti, na zote mbili zikatolewa, kwa sababu sinema nyingi za Uingereza zilikuwa bado hazina vipaza sauti. (Ukiona kadi za maneno katikati ya mazungumzo, unayo ile bubu, na si mbaya hata kidogo.) Msichana Alice amemuua kwa kisu cha mkate mwanamume aliyemshambulia. Asubuhi, mezani, jirani mbea anaongea juu ya mauaji bila kupumua. Sauti yake inafifia hadi inakuwa mnong'ono usioeleweka, isipokuwa neno moja, kisu, linalorudi wazi, kisu, kisu, hadi mara ya mwisho linapochoma kama pigo na cha mkononi mwa Alice kinaruka. Sasa maandishi ya chini hayajui kunong'ona. Yanaandika kila neno la jirani sawasawa, jicho linasoma sentensi nzima, na sikio linasahau kusikiliza. Zimeni maandishi kwa dakika hiyo moja. Hata asiyejua Kiingereza atalishika neno hilo kufikia mara ya tatu.

Sauti ya Alice nayo ina habari yake. Anny Ondra, aliyemcheza, alikuwa na lafudhi ya Kicheki, na mwaka 1929 hakukuwa na njia nzuri ya kubandika sauti baadaye kama inavyofanywa leo. Joan Barry alisimama nje ya picha mbele ya kipaza sauti akasema maneno, Ondra akachezesha midomo papo hapo. Ndiyo sababu mara nyingine mwendo wa mdomo unachelewa kidogo. Mkiona hivyo msiseme kopi imeharibika.

Kwa The Man Who Knew Too Much ya 1934, andikeni juu ya matoazi. Mtu atapigwa risasi katika Royal Albert Hall wakati matoazi yatakapolia, ili mlio wa bunduki ufichwe. Kabla ya tamasha, Peter Lorre anampigia muuaji sahani ya santuri yenye kipande hicho. Wengi wanadhani ni ya kumfundisha muuaji. Ni ya kutufundisha sisi. Bila sahani ile tusingejua muziki wa Arthur Benjamin unaelekea wapi, na tusiojua unakoelekea tusingeogopa.

Young and Innocent ya 1937 inataka ukweli wa aina nyingine. Tunajua tangu mwanzo kwamba muuaji ana macho yanayopepesa. Mwishoni kamera inaanzia juu ya ukumbi wa hoteli, inashuka kwa kreni bila kukatwa, inavuka wacheza dansi, inaifikia bendi, inamfikia mpiga ngoma, na kuishia kwenye macho yake tu. Sisi tumeshajua; wanaomtafuta wamekaa mezani na hawajui. Kwa ufundi ni ajabu. Lakini bendi nzima ni Wazungu waliojipaka nyuso nyeusi, mchezo wa jukwaani ambao Waingereza waliuzoea na ambao BBC iliuendeleza kwenye runinga hadi 1978. Msomaji wa Bukavu aambiwe hilo kabla ya kubonyeza, kwa maneno ya wazi, na aambiwe pia kwamba rangi ile ndiyo maficho ya muuaji ndani ya kisa. Uhakiki unaosifu kreni na kunyamazia nyuso umemficha msomaji nusu ya kinachoonekana kwenye kioo.

The Lady Vanishes ya 1938, ambayo mmesema itafuata, ni nyepesi kuhakiki ikiwa mtaangalia vitu vidogo: jina lililoandikwa kwa kidole kwenye ukungu wa dirisha, karatasi ya pakiti ya majani ya chai inayonata kwenye kioo kwa muda mfupi, mtawa aliyevaa viatu vya visigino virefu. Waingereza wawili wanaohangaikia kriketi waelezwe kwa kulinganisha: wana haraka kama mtu anayekimbilia mechi ya Muungano na Bukavu Dawa huku nyumba ya jirani inaungua. Wala msiandike kwamba filamu inajibu mkataba wa Munich, ule ambao Uingereza na Ufaransa zilimwachia Hitler sehemu ya Chekoslovakia. Mkataba ulitiwa saini mwisho wa Septemba 1938, na filamu ilikuwa imekwisha kupigwa.

Kwa kazi yenyewe, mhakiki aitazame filamu mara tatu. Mara ya kwanza yote bila kusimamisha. Mara ya pili bila sauti. Mara ya tatu achague tukio moja la dakika tano hadi nane, achore daftarini safu tatu: dakika, anachojua mtazamaji, anachojua mhusika. Pale safu ya pili na ya tatu zinapoachana ndipo pa kuandikia. Kisa kisimuliwe hadi theluthi ya kwanza tu. Kwa Sabotage, yenye dakika 76, hapo ni kama dakika ya 25. Na juu ya kila makala pawe na mstari mmoja: jina la asili, jina la Kifaransa, mwaka, waigizaji wawili, urefu, na kopi iliyotazamwa ilitoka wapi.

Kuhusu Gielgud, naomba sahihisho litoke katika toleo lijalo, kwenye safu hiyohiyo, maana makala zenu zinakatwa na kutunzwa.

Msomaji wenu,
Kadutu, Bukavu